Salamu Nilizomjibia Mwanaidi

Mwanangu Saumu,

Barua zetu sisi huanza kwa salamu, na wewe wajua mama yako si mtu wa kuruka salamu. Leo naziruka. Ukifika katikati utaelewa kwa nini, na pengine wakati huo utakuwa umeshakasirika, hutajali tena.

Umekwenda Likoni kumuaga bibi yako, na kwa foleni ya feri ya Jumapili najua nina muda wa kutosha. Nguo zako umezipanga vizuri kuliko ambavyo ningezipanga mimi. Sina la kukwambia kuhusu baridi ya Kitale, wala chakula, wala namna ya kuishi na watu. Mtu wa miaka ishirini na sita akifundishwa kuvaa sweta na mamake ni aibu ya wote wawili. Nina jambo moja tu, nalo linamhusu mtu mwingine kabla ya kunihusu mimi.

Bi Riziki wa Mtopanga, huyu unayemwita mama mdogo, anakatwa mguu Jumatano. Sukari imemla hadi juu ya kifundo. Ameomba nduguye Mwanaidi aletwe amwone kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji. Binamu yao akapeleka ujumbe, na jibu lililorudi ni hili: "Aliyeniuza si ndugu yangu." Miaka kumi na sita hawa ndugu wawili hawasemezani, na mtaa mzima unaijua sababu. Hiyo sababu wanayoijua ni ya uongo. Riziki hakumuuza mtu. Aliyemuuza Mwanaidi ni mimi.

Sasa kaa kitandani usome.

Unakwenda kuwapokea watu wa kujitolea, kuwafunza, na kuwa nao wanapoanza kuingia gerezani. Kazi hiyo umeijulia kwenye viti vya nyuma vya mafunzo yangu hapa Kisauni, na ndani ya daftari lako umeandika ile hadithi ninayowasimulia wageni wote, ya mwanamke mmoja aliyebeba salamu za mfungwa akazifikisha kwa mke aliyekuwa amejificha. Katika hadithi yangu yule mwanamke anagundua kosa lake, anakimbia siku ileile kumwambia msimamizi, na mke anahamishwa salama. Mara ya kwanza ulipoisikia ulisema mbele ya watu, "Mama, mwanamke mjinga gani huyo?" Wakacheka wote, na mimi nikacheka nao. Mjinga ni mimi, mwanangu, na ule mwisho mzuri niliutunga.

Ulikuwa darasa la nne. Baba yako alikuwa ameshafariki, nami nilikuwa nashona nyumbani asubuhi, na Jumanne naenda gerezani na kikundi chetu kuwafundisha wafungwa kusoma. Msimamizi wetu alikuwa Mwalimu Kazungu, mstaafu wa Utange, mtu mwenye sauti ya chini na subira ya kuudhi. Alitufunza Jumamosi tatu nzima kabla ya kuturuhusu tukanyage lile lango. Alitwambia tusitoe kitu, tusiingize kitu, tusibebe barua, wala namba ya simu, wala salamu.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, hata salamu?"

"Hata salamu, Bi Rehema."

Kando yangu aliketi Mueni, Mkamba wa Changamwe aliyekuwa karani bandarini. Aliandika "hata salamu" kwenye kitabu chake, akapiga mstari chini, basi. Haikumgharimu kitu. Mimi nikasema moyoni, hawa watu wa bara wamezoea kupishana njiani kama nguzo za stima, watajua nini kuhusu salamu? Kwetu salamu ni amana. Ukipewa umefungwa, na uifikishe mkononi mwa mwenyewe hata akiwa mwisho wa dunia. Bibi yako aliwahi kurudi kutoka stendi, na tikiti keshakata, kwa kuwa alikumbuka salamu za shangazi yake hajazifikisha. Mimi nimelelewa na mtu wa namna hiyo. Kanuni ya Mwalimu niliisikia kwa masikio tu.

Darasani mwangu kulikuwa na Bakari. Kwenye karatasi alikuwa mwizi wa nyaya za stima, basi, hakuna zaidi. Alinipa shikamoo kila nikiingia, ingawa nilimzidi miaka michache tu. Alisoma kwa kidole, herufi moja moja, na akikosea alijicheka mwenyewe kabla hatujamcheka. Nilimpenda, nakwambia kweli. Mwanafunzi anayesonga mbele humtia mwalimu kiburi, na mimi kiburi changu kilishiba kwa Bakari. Siku alipoweza kuandika jina lake, aliandika na jingine chini yake: Mwanaidi.

"Ni mke wangu, mama," akasema. "Sijui kama yu hai. Sitaki kitu kwake. Nisalimie tu. Nduguye yuko huko kwenu Mtopanga, anaitwa Riziki."

Kumbe Riziki ni jirani yangu, nyumba ya tatu! Nikaona Mungu mwenyewe ameniwekea njia. Unaona ujinga unavyojivika nguo za ibada? Jioni ile nikapita kwake, nikamkuta anachambua mchele, nikamwambia nina amana ya nduguye, sikusema ya nani. Hakuniuliza. Angeniulizaje, na mtoto wangu alikuwa akila sahani moja na wake? Akanielekeza moja kwa moja: Magongo, nyuma ya gereji, mwanamke anayeuza mahamri na mbaazi asubuhi.

Nilimkuta Mwanaidi mbele ya karai, mwembamba, leso ameifunga hadi kidevuni. Nikamwamkua, nikanunua mahamri manne, nikangoja wateja wapungue. Kisha nikamwambia kwa furaha ya mtu aliyefika na habari njema, "Bakari anakusalimu."

Hakuitikia. Mahamri yalikuwa ndani ya mafuta, yakawa mekundu, yakawa meusi, asiyatoe. Wala mimi sikuwa na akili ya kuyatoa. Mwishowe akavuta leso akanionyesha mkono wake wa kushoto, ulivyounga upande, kiwiko hakinyooki. Hakuna polisi aliyeliandika lile, na ndiyo maana halikuwemo kwenye karatasi.

"Nani kakwambia niko hapa?"

"Nduguyo."

Akafumba macho kidogo. "Mama, nakuomba. Usimwambie umeniona. Useme hukunipata."

Nikamwambia, "Inshallah, sitamwambia." Nilisema hivyo kwa nia safi kabisa.

Jumanne iliyofuata nikaingia darasani nikiwa nimejiandaa kusema sikumpata. Wallahi nilijiandaa. Bakari akanipa shikamoo, akangoja nimalize kugawa vitabu, akauliza kwa adabu yake ileile, "Mama, salamu zilifika?"

Saumu, mtu akikuuliza hivyo kwetu, mdomo una njia yake. Nikasema, "Zilifika."

"Kaitikia?"

Hapo ndipo. Ningeweza kusema hakuitikia. Lakini kusema fulani kaletewa salamu na hakuitikia ni kumvua nguo mtu, na mimi nikaona vibaya kumwaibisha yule mwanamke mbele ya mumewe. Nikamjibia. Nikasema, "Kaitikia. Kasema waalaikum salaam, na yeye pia akusalimu." Neno zima nililitunga kwa sababu ya heshima. Uso wake ukafunguka, na mimi mpumbavu nikafurahi kuuona umefunguka.

"Bado yuko kwa mama yake?"

"Aa, yuko Magongo sasa. Anajitafutia kwa mahamri yake."

Nilisema kama mtu anayepiga soga. Akainama, akaendelea kusoma. Aliisoma aya nzima bila kukosea hata mara moja, na ndipo nilipoelewa nimemwambia nini.

Mwalimu Kazungu alikuwa na desturi ambayo wewe umeirithi bila kujua bei yake. Kila tukitoka gerezani tulikwenda kuketi kwenye chumba tulichoazimwa na shule moja ya Bombolulu, milango imefungwa, na kila mmoja aliulizwa maswali mawili: leo umeombwa nini, na umejibu nini? Hakuna aliyeruhusiwa kusema "hakuna". Mueni alikuwa na orodha ndefu ya aliyoombwa, sabuni, namba ya simu, ndoa, na majibu yake yote yalikuwa "samahani", nasi tukimcheka kwamba hana huruma. Siku ile nilisema siwezi kuketi, nina mtoto wa kumchukua shuleni. Ulikuwa unatoka saa kumi. Ile ilikuwa saa nane.

Jumanne ya pili nikasema vivyo hivyo, na ya tatu pia. Nilikuwa najiambia Bakari amebakiza miezi minane, nitatafuta siku nzuri ya kusema. Siku nzuri ya kusema jambo baya haijawahi kuzaliwa. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sikutaka hata kulifikiria: mfungwa mwenye tabia njema hupunguziwa siku, na barua ya kumsifu Bakari tuliiandika sisi walimu. Sahihi yangu imo.

Jumanne ya nne nafasi yake ilikuwa tupu. Nikamuuliza askari.

"Yule alitoka jana, mama. Kwani hukuambiwa? Si nyinyi mliomwandikia?"

Sijui niliwaambia nini wanafunzi. Nakumbuka nilikuwa nimeshika chaki na nimefika nayo hadi langoni, askari akanidai. Nilipopewa simu yangu nikampigia Mwalimu, na nilitarajia anitukane. Nikamwambia, "Mwalimu, nilibeba salamu." Akaniuliza swali moja: "Yule mama yuko wapi sasa hivi?" Basi. Hakuniuliza kwa nini. Nikamwambia Magongo, akasema tukutane huko.

Nilifika kabla yake. Jiko lilikuwa linawaka, karai liko juu, mafuta yanafuka moshi, na mtu hayupo. Nikapiga ukelele. Muuza ndizi wa kando akanikamata mkono.

"Nyamaza wewe! Kaja mwanamume asubuhi, kanzu nyeupe, kasimama pale ng'ambo kitambo. Akaja akauliza mke wake. Tukamwambia kaenda kuchota maji. Akacheka, akasema, mwambieni jibu lake nimelipata, alasiri nitakuja kumchukua."

Mwanaidi alikuwa chumbani mwa huyo muuza ndizi, nyuma ya magunia ya makaa. Mwalimu alipoingia na akina mama wawili wa kikundi, ndipo alipotoka. Hakuwatazama wao. Alinitazama mimi.

"Jibu gani kapata? Mimi nimeitikia lini? Ni wewe uliyemwambia?"

Mwalimu naye ananitazama. Na mimi, mamako, mtu wa swala tano, nikasema, "La. Wallahi si mimi."

Akatikisa kichwa polepole. "Basi ni Riziki. Alikuwa akinisihi nirudi kwa mume wangu tangu zamani. Riziki ndiye aliyekuelekeza na wewe." Kisha akaanza kulia, si kwa kumwogopa Bakari tena. Alilia kwa nduguye. Nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kuweza kumgusa, na sikusema kitu.

Walimhamisha kabla ya alasiri. Mwalimu alikataa kuniambia wapi, na alifanya vizuri. Mwanaidi aliacha karai, jiko na wateja wa miaka mitatu. Siku ile ndiyo niliyokusahau shuleni hadi magharibi, ukakaa na bawabu, na mpaka leo unanitania nayo kwenye arusi za watu. Sasa wajua nilikuwa wapi.

Kwa kubeba salamu nilisimamishwa miezi sita. Nilikubali adhabu hiyo kwa unyenyekevu mkubwa, watu wakanisifu, kwa kuwa kosa nililolikiri lilikuwa dogo kuliko nililolificha. Mwalimu alinirudisha, baadaye akaniachia mafunzo, na alizikwa akiniamini. Kiapo cha uongo nilikitolea kafara. Nilifunga siku tatu, ukaniuliza, nikakwambia nalipa kadha ya Ramadhani. Haki ya Mungu nilijitahidi kuilipa. Ya mja iko palepale.

Nilijipa sababu. Nilisema nikifungua mdomo Bakari atasikia, atamtafuta tena. Kisha Bakari akafa kwa maradhi huko Lamu, ulipokuwa kidato cha kwanza, na sababu yangu ikafa naye. Nikatafuta nyingine, kwamba yamepita, nisichokoe. Na kila mwaka Riziki ananipa nafasi nzuri mkekani, ananikatia halwa kwanza, ananililia kwamba hakumuuza nduguye wala hajui nani kamsingizia. Ijumaa nilipokwenda kumtazama, mguu wake umefungwa, chumba kinanuka dawa, alinishika mkono akasema, "Rehema, niombee. Na aliyetufitini mimi na ndugu yangu, Mungu asimpe raha hadi aseme." Akangoja.

Nikasema, "Amin."

Tangu Ijumaa sijameza chakula kikapita sawasawa. Wewe ukadhani ni huzuni ya safari yako.

Sikuandiki haya ili unionee huruma. Unakwenda kuwasimulia watu hadithi yangu, na ina madhara. Niliisimulia miaka mingi na sikuelewa kwa nini watu wangu wazuri hunificha makosa yao. Yule kijana wa benki aliyeacha kulala kwa aliyoyasikia gerezani, akaja kuniambia siku aliyokuwa anaacha kazi hii. Yule dada aliyempa mfungwa namba yake, akabadilisha laini mara tatu asiniambie. Niliwalaumu. Kumbe mimi ndiye niliyewafunza kwamba mtu mwema akikosea hukimbia kusema siku ileile, na wao walikuwa wameshapitisha siku mbili, tatu, wakajiona si wema tena. Waambie ilivyokuwa. Waambie mwanamke wa ile hadithi alinyamaza wiki tatu, na alipopata nafasi ya kusema akaapa uongo.

Utapata watu wa kila namna. Mtu asiye na huruma usimhofu sana. Mueni niliyemcheka hakumdhuru mtu hata mmoja. Mtazame zaidi anayependwa upesi, anayetoka gerezani uso unang'aa. Na akikwambia hawezi kuketi kikaoni, ana mtoto wa kumchukua shuleni, mwambie utamchukua wewe. Nenda kweli, mlete mtoto, mpe andazi ale, lakini mamake aketi. Mwalimu alinihurumia akaniacha niende. Ile huruma yake ilimgharimu Mwanaidi.

Wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Nimeisikia maisha yangu yote nikidhani inawasema wambea. Mimi ulimi wangu ulijikwaa kwa adabu, na watu wengi utakaowafunza watajikwaa kwa adabu pia, kila mmoja kwa adabu ya kwao. Waulize kwao ni kitu gani mtu hawezi kukikataa. Kwetu ni salamu, kwingine ni mzee kuomba, au mtu kulia, au jina la Yesu. Hapo ndipo watakapoombwa. Mimi hakuna aliyeniuliza, nami sikujiuliza.

Nilikuwa nimepanga kwenda kwa Riziki kesho, ukishaondoka. Nikasema nikusindikize kwanza, nisikuharibie safari. Nimeiandika sentensi hiyo kichwani nikaisikia, ni sauti yangu ileile ya zamani, ya kutafuta siku nzuri.

Kwa hiyo nakwenda sasa. Barua hii naiweka juu ya sanduku lako. Nitamwambia Riziki yote, la wallahi na la amin, kisha nitamwomba binamu yao anipeleke kwa Mwanaidi, au ampelekee sauti yangu kwenye simu kama hataki kuniona. Akija kabla ya Jumatano ni rehema ya Mungu. Asipokuja, hilo nalo ni langu. Riziki anaweza kunifukuza, na akinifukuza Mtopanga yote itajua kabla ya isha, na kesho utapanda gari ukiwa mtoto wa mwanamke yule. Nisamehe kwa hilo. Nimeligeuza kila upande na sikuona njia ya kukuepusha.

Usinifuate. Ufunguo wangu nimeuacha mezani, sikuuchukua. Nikirudi nitabisha hodi kama mgeni. Ukiona unaweza kunifungulia, nifungulie.

Mama yako,
Rehema